Siku Kumi na Tisa za Ngozi na Nta

Jumatatu, 4 Novemba

Nimerudi kutoka ofisi ya wilaya, Busia. Miguu inauma. Moyo pia.

Jumamosi ya tarehe 16 kuna Siku ya Wazee kule Tororo. Wazee wa wilaya zote mbili, yao na yetu, waliowahi kushika uongozi watakaa mbele, chini ya tenti, kwenye viti vilivyovikwa kitambaa cheupe na utepe mgongoni. Kila kiti kitabandikwa karatasi yenye jina na cheo. Watu wengine watapewa viti vya plastiki nyuma. Wakichelewa, nyasi.

Nilimwomba Goretti, binti wa ofisi ya jamii, anionyeshe jina langu. Alishuka na kidole kwenye orodha. Machifu wastaafu wamo. Diwani mmoja aliyefungwa miaka miwili yumo. Mwalimu wa kwaya yumo. Mimi simo.

Nikamweleza kwa upole kwamba niliwahi kuwa waziri. Akauliza waziri wa nini, Jaja, maana huku babu yeyote ni Jaja. Waziri wa Nchi, Ngozi na Nta. Akaandika. Akauliza mwaka gani. Mwaka ule wa mapinduzi, mwezi wa kwanza. Akauliza kwa muda gani. Muda si mrefu. Akauliza si mrefu ni kiasi gani, maana fomu inataka tarakimu.

Siku kumi na tisa.

Hakucheka. Binti mwenye malezi. Aliyecheka ni Ecodu, mwalimu mkuu mstaafu wa Nabuyoga, ambaye sasa ni katibu wa kamati ya wazee na bado ananuka chaki. Alisema amefundisha historia miaka thelathini na mmoja na hajawahi kumsikia waziri huyo. Halafu akasema, mbele ya watu watano, kwamba alipokuja Masinya kwenye mazishi mwezi wa nane alipita nyuma ya nyumba yangu, akasoma kaburi la mke wangu. Kwamba hata kaburi linadanganya.

Kaburi linasema: Hapa amelala Akullo, mke wa Mheshimiwa Waziri. Niliandika mwenyewe kwa msumari, saruji ikiwa mbichi, miaka sita iliyopita. Herufi zimepinda. Lakini uongo hakuna.

Nimepewa mpaka Alhamisi ya wiki ijayo kuleta karatasi. Karatasi yoyote, alisema Goretti, mradi iwe ya siku zile.

Barua yangu ya uteuzi niliila. Ilikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, siku ya kumi na tisa, nikirudi nyumbani kutoka Kampala. Askari walikuwa wanapekua mifuko, wakitafuta viongozi. Nilitafuna taratibu kama mtu anayekula chapati. Muhuri ndio uliokuwa mgumu kumeza.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango umepatikana. Rahisi kabisa. Barua iliyoliwa inaweza kuandikwa upya. Maneno ninayo kichwani, nukta kwa nukta. Huo si uongo, ni kunakili.

Mjukuu wangu Prossy ana kibanda cha fotokopi pale Lumino. Nilimwambia ni kumbukumbu ya familia. Alinitazama jinsi bibi yake alivyokuwa akinitazama, kichwa upande, lakini alipiga chapa. Nikapeleka barua jikoni. Nikaipaka chai ya rangi, nikaining'iniza juu ya moshi. Pembe moja ilishika moto. Nikaiacha hivyo, inafaa kwa mambo ya vita.

Jioni niliisoma kwa sauti. Machozi yalinilenga. Nikaikumbuka siku yenyewe. Nilikuwa karani wa ushirika wa Lumino, nimeshika mizani, napima ngozi ya mbuzi uani nyumbani, redio iko dirishani. Mapinduzi yalikuwa yanakuja kutoka magharibi. Mawaziri walikuwa wanakimbia mmoja mmoja na waliobaki Kampala walikuwa wanagawa vyeo kama pipi za Krismasi. Mimi nilikuwa nimeiandikia wizara barua kumi na moja kulalamikia mizani mibovu. Nadhani hilo ndilo jina pekee walilolikuta mezani.

Redio ikasema Osinya. Ngozi ikanidondoka. Akullo alitoka nje na mwiko mkononi, akauliza ni Osinya yupi huyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Msiba.

Goretti aliipokea barua kwa mikono miwili. Akaisifu jinsi ilivyozeeka. Akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ecodu akainyakua. Akasoma kwa sauti mstari mdogo ulio chini kabisa, ambao mimi bila miwani niliuona kama mchoro wa pambo:

Prossy Fotokopi, Picha za Pasipoti kwa Dakika Tano, Lumino. Na namba ya simu.

Ecodu akauliza kama ni kweli wakati wa mapinduzi tulikuwa tunapiga picha za pasipoti kwa dakika tano. Akasema basi ndiyo maana mawaziri walikuwa wanatoroka upesi.

Goretti alinisindikiza hadi mlangoni. Akaniambia taratibu kwamba siku bado zipo, nitafute mtu aliyenijua nikiwa na cheo. Nikamwambia wote wamekufa.

Hilo lilikuwa uongo. Mmoja yupo. Yuko ng'ambo, Busia ya Kenya, umbali wa mtu kumaliza muwa mmoja.

Ijumaa, 8 Novemba

Sijalala vizuri kwa sababu ya Phanuel.

Afadhali niandike, humu hamna msomaji. Siku ile ya kumi na tisa nilifika hapa Masinya mchana, kwa miguu, tumbo limejaa barua. Amri mpakani ilikuwa kiongozi yeyote asivuke. Akullo hakulia wala hakuuliza maswali. Alilifungua sanduku, akatoa gomesi yake ya zambarau, lile gauni refu la kike la mshipi, ile ya harusi ya dada yake, akanivika. Alikuwa ameshika pini kwa meno na bado anacheka. Aliufunga mshipi mara mbili maana sikuwa na kiuno. Akanifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi.

Phanuel alikuwa kijana Mkenya, mwendesha baiskeli, mmoja wa wale waliokuwa wanabeba watu kwenye keria kutoka kituo cha huku hadi kituo cha kule. Alikuwa anamletea Akullo sabuni na chumvi. Alinitazama nikiwa nimesimama mlangoni, akasema mama huyu ana miguu mikubwa.

Nilikuwa na karatasi moja ya wizara iliyobaki, niliyoificha ndani ya soksi, yenye nembo na muhuri juu. Nikaketi kwenye kigoda cha jikoni, nikaandika amri kwamba Phanuel apitishwe. Nikatia saini. Katika siku kumi na tisa za uwaziri wangu, hiyo ndiyo amri pekee iliyotekelezwa. Ile nyingine ilikuwa ya kuomba kiti. Ofisini kwangu mtu alikuwa ametoroka na kiti, na nilifanya kazi yote nimekalia furushi la ngozi.

Kwa hiyo barua ipo. Phanuel anayo. Anajivunia barua hiyo pale anapotengenezea baiskeli, anawasimulia wateja habari ya waziri na gomesi. Kwa ajili hiyo tumenuniana miaka kumi na mmoja. Alikuja kumzika Akullo, akasimama nyuma kabisa. Tukapeana mkono kama watu wanaouziana ng'ombe.

Jumamosi, 9 Novemba

Mpango wa pili. Nilimtuma Prossy avuke. Ajifanye mtu wa makumbusho, aombe kuipiga picha barua, asinitaje hata kidogo. Nilimvalisha miwani yangu ya zamani isiyo na kioo kimoja.

Alirudi saa nane na samaki wa kukaanga kwenye gazeti. Alisema Phanuel alimtazama mara moja tu, akamwita mkewe Truphena, akamwambia njoo uone, meno ya Akullo haya yametembea yenyewe. Wakamlisha. Wakamuuliza kuhusu mihogo yangu na goti langu. Na barua? Hawakumpa. Phanuel alimpa ujumbe tu: mwambie mke wangu aje mwenyewe.

Prossy alikuwa anacheka mpaka anashikilia ukuta. Akasema, Jaja, mimi kazi ya makumbusho naacha.

Samaki walikuwa wazuri. Nimekula kwa hasira.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani mchungaji alihubiri juu ya unyenyekevu. Nilitazama nyuma kuona anamsema nani.

Mchana nilipalilia kaburi. Kuna mmea unaotambaa ambao hauchoki. Nikamweleza Akullo habari za Ecodu. Nikaona kwamba kiti chenyewe ningeweza kukisamehe. Goti langu linapenda kiti chochote. Lakini siku nikifa, redio itasoma tangazo la mazishi, na kama kamati imeshaandika kwamba sikuwa waziri, watasoma Osinya, mkulima wa muhogo. Halafu watu watakuja, watamwona Akullo pembeni yangu, mke wa Mheshimiwa Waziri, na watauliza ni waziri yupi huyo aliyezikwa mbali na mkewe. Wataanza kumsema. Akullo, ambaye katika maisha yake hakumdanganya hata muuza nyanya.

Alikuwa akiniita Mheshimiwa kila asubuhi, miaka yote, akinipa chai. Wakati mwingine kwa heshima. Wakati mwingine ili niende nikachanje kuni.

Jumanne nitavuka.

Jumanne, 12 Novemba

Siku ndefu. Niandike polepole.

Phanuel amezeeka vizuri, jambo lililoniudhi. Yuko palepale kwenye kona, juu ya kreti la soda, baiskeli yake nyeusi imeegemea ukuta. Ni ileile. Truphena anakaanga dagaa wa omena hatua tatu kutoka hapo ili asikie kila anachosema na kumrekebisha. Aliponiona alisema karibu shemeji, au nikuite mke mwenzangu. Wateja wakacheka. Nikavumilia.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Phanuel hakuisubiri. Alilegeza nati, akaking'oa kiti cha baiskeli, akaingiza vidole viwili ndani ya bomba, akavuta kitu kilichoviringishwa kwenye nailoni. Wale wa zamani wote walikuwa wanaweka vitu vyao vya thamani humo. Mwizi anaiba baiskeli, hajui kama ameketi juu ya hazina. Barua yangu imekuwa ikiendeshwa karibu miaka arobaini chini ya makalio ya Phanuel.

Grisi imeila pembeni. Lakini nembo ipo. Muhuri upo. Saini ni yangu, ile ya ujana yenye mkia mrefu. Nikavaa miwani, nikasoma:

Kwa askari wa mpakani. Mwenye barua hii ni Phanuel, mwendesha baiskeli. Apitishwe pamoja na mke wake, ambaye ni mgonjwa na hawezi kuzungumza. Kwa amri ya Waziri wa Nchi, Ngozi na Nta.

Nilikuwa nimemsahau huyo mke. Nikauliza kama tunaweza kukata mstari wa tatu kwa makasi. Phanuel akasema grisi ni yake na mstari ni wangu, lakini karatasi ni moja.

Sharti lake lilikuwa hili. Nipande keria, mchana kweupe, anirudishe upande wetu. Na nikae upande, kama mara ile. Truphena alinifungia kipande cha godoro kwenye keria. Akasema safari hii abiria ana mifupa.

Tukaondoka. Vijana wenye pikipiki walipiga honi. Mmoja akaita, mama, shika vizuri. Sasa pale mpakani kuna jengo kubwa moja, watu wa nchi mbili wanakaa dirisha kwa dirisha. Binti wa dirishani alitazama kitambulisho changu, akanitazama nilivyoshikilia shati la Phanuel, akauliza kama naumwa. Nilitaka kusema siwezi kuzungumza.

Penye kilima kidogo Phanuel alishindwa. Nikashuka, tukasukuma wote wawili. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua.

Alisema baada ya kunishusha ng'ambo, alirudi kumchukua Akullo. Mara tatu siku hiyohiyo. Alikataa. Alisema askari wakikuta nyumba tupu watafuata alama za baiskeli. Mara ya tatu Phanuel aliwakuta askari wameshafika uani. Akullo alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mlangoni, amevaa koti langu la uwaziri, maana gomesi nilikuwa nimeondoka nayo mimi. Askari waliuliza waziri yuko wapi. Akasema waziri ni mimi, mna shida gani ya ngozi au nta.

Walicheka, Phanuel alisema. Walicheka mpaka mkubwa wao akaketi chini. Wakachukua mtungi wa asali na ngozi mbili, wakaenda zao. Kama wasingecheka, alisema, na hakuimaliza sentensi.

Nikauliza kwa nini Akullo hakuniambia, miaka thelathini na zaidi. Phanuel akasema alimuuliza hilo swali. Akullo alimjibu kwamba Mheshimiwa akijua nimekalia kiti chake, atanifuta kazi.

Tulisukuma baiskeli hadi barabara ya Masinya.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeharibu. Naandika nikiwa nimevaa viatu bado.

Tulikwenda ofisini mimi na Phanuel. Goretti alifurahi kuiona barua. Aliilinganisha saini na ile ya kwenye cheti changu cha ndoa. Mkia uleule. Ecodu aliisoma mara mbili, akaishika kwenye mwanga, akatafuta namba ya simu chini, akaikosa. Nikaona jasho. Nikafurahi.

Halafu akauliza swali moja tu. Huyu mke mgonjwa alikuwa nani.

Phanuel alikuwa ametoka nje kuitazama baiskeli yake aliyoifunga mtini, haamini miti ya upande wetu. Watu sita walikuwa ofisini, wawili kati yao wanasali nami. Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini nikaiona ile gomesi, nikawaona wale watu sita, na ulimi ukaenda wenyewe. Nikasema ni Truphena, nani mwingine.

Nilidhani nimefanya la maana. Ecodu akamwambia Goretti ampigie. Akapiga, akaweka sauti nje. Truphena alijibu huku mafuta yanachemka. Akauliza mwaka gani. Akaambiwa. Akasema mwaka huo mimi nilikuwa darasa la sita kule Butula, huyo Phanuel sikumjua hata kivuli chake. Nani anasema. Osinya? Mwambieni mke mwenzangu atulie.

Ecodu akaikunja barua, taratibu, kama anayekunja mtihani wa mtoto aliyefeli. Akasema barua inataja mke ambaye hakuwepo, imesainiwa na waziri ambaye hakuwepo. Akaandika HAKUTHIBITISHWA kwa kalamu nyekundu.

Phanuel alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, amesikia. Goretti akamwuliza yeye alimbeba nani siku hiyo. Alinitazama muda mrefu. Nikatazama kalenda ya ukutani. Akasema, mimi nilibeba mzigo. Mzigo ujitaje wenyewe.

Akachukua baiskeli yake akaondoka. Barua ameniachia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 15 Novemba

Sikula. Sikupalilia. Nimepitia nyuma ya nyumba kwa njia ya mbali ili Akullo asinione.

Usiku huu nimepata mpango wa tatu.

Jumamosi, 16 Novemba

Tororo. Ule mwamba wao umesimama palepale juu ya mji, unatazama watu bila maoni.

Mpango ulikuwa huu: kufika kabla ya wote, kubandika karatasi yangu kwenye kiti kimojawapo cha mbele, kukaa, na kuwa mzito. Mtu mzee akishakaa, nani atamwinua? Prossy nilimwambia tunawahi kivuli. Karatasi niliiandika mwenyewe kwa mkono, baada ya yale yaliyotokea: Mhe. Osinya, Waziri Mstaafu.

Kiti kilikuwa laini. Kitambaa kilikuwa kimepigwa pasi. Nilikaa dakika arobaini nzima, na niseme kweli, zilikuwa nzuri. Nilifumba macho. Nikaisikia harufu ya ngozi na nta, mlango wa ofisi ile ukifunguliwa, mtumishi akiuliza Mheshimiwa atakunywa nini. Hapakuwa na chai wakati ule. Alikuwa anauliza kwa ukarimu tu.

Nilipofumbua macho, tenti ilikuwa imejaa, na mbele yangu alikuwa amesimama mfadhili wa tenti, mtu mnene, akikitafuta kiti chake. Karatasi yake ilikuwa chini ya yangu. Goretti alikuja mbio, akainama, akaninong'oneza Jaja tafadhali. Nikawa mzito. Ndipo emsii, kijana mwenye suti inayong'aa, akaona sherehe imepata kichekesho, akaja na maiki. Mbele ya watu wote akasema, mzee wetu ana cheo kikubwa leo. Mzee, wewe ni nani?

Akanisogezea maiki mdomoni.

Nilimwona Ecodu kwenye meza ya kamati, na kalamu yake nyekundu mfukoni. Nilimwona Phanuel nyuma kabisa, na Truphena, wamekuja na sikujua. Prossy alikuwa amefunika uso.

Nikataka kusema Waziri. Nikamwona Akullo na lile koti, mabega yamemzidi, anawauliza askari shida yao ni ngozi au nta.

Nikasema, mimi ni mke wa Phanuel.

Nikachukua maiki kwa mikono yangu. Nikawaambia yote. Redio, siku kumi na tisa, furushi la ngozi badala ya kiti, barua niliyoila. Gomesi ya zambarau. Mshipi uliofungwa mara mbili. Nilivyokaa upande kwenye keria, askari akaniambia pole mama. Kwamba juzi, mbele ya kamati, nilimsingizia Truphena kwa aibu. Halafu nikawaambia aliyebaki nyuma, na nguo alizovaa, na alichosema. Nikasema kaburi lake halidanganyi. Mimi ndiye ninayedanganya, mara nyingi, lakini siyo hapo.

Walicheka. Niliwasikia wakicheka hadi kwenye nyasi. Wanawake wazee ndio waliocheka zaidi, wale wenye gomesi zao, wanapigana mabega. Halafu mmoja wao, mama wa Nabuyoga nisiyemjua, akaacha kucheka, akapiga kigelegele. Wengine wakampokea. Sijui kilikuwa cha nani. Nadhani hakikuwa changu.

Ecodu akasimama. Nikajiandaa. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ile ya darasani kwamba amesahihisha uongo wa watoto miaka thelathini na mmoja na anaujua ulivyo. Mtu anayetunga uongo hujivika suti. Hajivishi gomesi. Kwa hiyo kamati inathibitisha.

Kiti cha kitambaa kilirudishwa kwa mfadhili. Vingine havikuwepo. Goretti alivua kitambaa cha meza ya kamati, akakitandika juu ya kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka, akakiweka mwisho wa mstari wa mbele. Nilikikalia kwa uangalifu, sehemu kubwa ya uzito nikiwa nimeiweka kwenye miguu yangu. Phanuel akaja kusimama nyuma yangu, akakishikilia.

Cheti changu kimeandikwa kwa mkono, maana vya kuchapwa vilikuwa vimeisha. Mwandiko wa Goretti ni mzuri. Kinasema: Osinya, Waziri wa Nchi, Ngozi na Nta, siku kumi na tisa. Chini yake: Akullo, siku moja.

Tulirudi Masinya jioni. Nilimsomea pale nyuma ya nyumba. Mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimejifunza mengi wiki hizi. Nimejifunza kwamba ukweli unalipa. Unapaswa kutumiwa upesi kabla haujapoa.

Redio ya asubuhi imesema kuna tetesi za baraza la mawaziri kubadilishwa. Hawakutaja majina. Hata mara ile hawakuyataja mpaka siku yenyewe.

Nimemwagiza Prossy betri mpya za redio na karatasi nne, safari hii zisizo na maandishi chini. Nimeandika barua kwenda Kampala, kueleza kwa unyenyekevu kwamba Ngozi na Nta bado havina mtu mwenye uzoefu. Nimeambatanisha nakala ya cheti. Kwenye muda wa utumishi nimejaza siku ishirini. Prossy alipinga. Alisema ile moja ni ya bibi. Nikamwambia mchungaji mwenyewe alisema mume na mke ni mwili mmoja, na mwili mmoja haulipwi mara mbili. Akaniuliza basi kwa nini asiandikwe bibi ishirini. Vijana wa siku hizi hawaelewi utawala.

Koti nimelipiga pasi. Mabega bado yapo sawa. Nimelivaa kunywea chai, na hakuna aliyeniita Mheshimiwa, nikaenda mwenyewe kuchanja kuni.

Mchana Phanuel alipita na omena kutoka kwa Truphena. Nikamwomba, kwa mazungumzo tu, aitazame pumzi ya tairi la nyuma, na kile kipande cha godoro asikitoe. Akauliza kwa nini. Nikasema hakuna sababu.

Gomesi nimeianika juani, iondoke harufu ya dawa ya nondo. Imefifia kidogo. Mshipi nimeujaribu. Siku hizi unazunguka mara tatu.